Nyoka Begani

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesafiri kidogo kuliko wote, ingawa ndiye niliyepelekwa mbali kuliko wote. Lawama ni za masista. Walinichukua nikiwa mtoto, wakaniweka bwenini, na walipomaliza kunifundisha hesabu, Kiingereza na namna ya kutandika kitanda kisionekane kimelaliwa, nilikuwa na darasa la kumi na hamu moja tu duniani: kurudi kwa mama, kwenye mteremko wetu juu ya Mlali, nikae. Nilisema napumzika wiki mbili. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nadhani bado napumzika.

Mama alinivumilia. Kila asubuhi aliniuliza kama barua ya kazi imefika, nami nilimjibu kwamba bado, na huo ulikuwa ukweli mtupu, maana sikuwa nimeandika barua ya kuomba. Nilichambua njegere. Nilisoma vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari, kwa hiyo habari za dunia nilizijua nusunusu. Kwenda Morogoro mjini kwangu ilikuwa kama kwenda hija, na hata sokoni Mlali, mteremko mtupu, niliagiza watu.

Lakini nilikuwa na kinyongo kimoja. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anaitwa mwali. Hukaa miezi mingi, wengine hata mwaka na zaidi. Halimi, hachoti maji, jua halimpigi. Anakula, anafundishwa mambo ya utu uzima, ananawiri. Siku zangu zilipofika mimi nilikuwa bwenini, nakimbizwa uwanjani kwa filimbi. Yaani wazee walikuwa wametuandalia mapumziko marefu, ndani ya nyumba, karibu na chungu, kwa amri ya ukoo mzima, na mtu pekee katika milima hii aliyezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo akayakosa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi bibi mmoja mfinyanzi. Wakati wa vita vya pili, masufuria yalipoadimika madukani, mteremko wote ulipikia vyungu vyake, na mimi nilikuzwa kwa uji uliotoka humo. Ukoo wake na wetu ni watani. Asiyejua utani wa Waluguru aelewe hivi: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wageni, akakamata kuku wako akaondoka naye, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Siku ukifa, huyohuyo ndiye anayekuzika, na hata kaburini anaendelea kukusema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwali mzee. Umetoka nje? Nyumba imeungua?"

"Nimekuja kuomba moto."

"Kumbe ingeungua ungekuwa nao. Ukoo gani huu unashindwa kulinda kaa moja! Mlipokuja milima hii mlikuwa mnakula vibichi, sisi ndio tuliowaonyesha jiko."

"Na sisi ndio tuliowaonyesha kunawa."

"Ingia, kaa lipo. Usiguse kitu."

Siku hiyo, nikiinama mekoni, ndipo nilipokiona kisanamu. Juu ya kichanja cha moshi, nyuma ya vyungu vilivyokuwa vinakauka, kulikuwa na sanamu ya udongo isiyozidi urefu wa kiganja. Mwanamke ameketi, miguu ameinyoosha mbele, bakuli dogo mapajani. Kiunoni amezungukwa na nyoka mnene, mizunguko mitatu, magamba yamechorwa moja moja kwa ncha ya kijiti. Kichwa cha nyoka kimelala begani kwa yule mwanamke, kimemwelekea shavuni, kama jirani anayekuletea habari za jirani mwingine.

Nyoka nilimtambua. Kila mtoto wa Uluguru amesimuliwa habari za nyoka wa pangoni, kule upande wa Kolero. Mwanamke alikwenda porini kuchimba viazi vya mwitu, ardhi ikafunguka, nyoka akamchukua akamfanya mke. Tangu hapo mvua ni kazi yao wawili. Hayo nilikuwa nayo. Nisichokuwa nacho ni kile kichwa begani.

"Bibi, huyu nyoka anamwambia nini?"

Bibi alikuja akaniangalia kwanza mimi, halafu kichanja.

"Nilisema usiguse."

"Nimegusa kwa macho tu. Anamwambia nini?"

"Hayo huambiwa mwali."

"Si umeniita mwali sasa hivi?"

"Nimekuita mwali mzee. Huyo ni mnyama mwingine."

Nyuma ya ukuta wa ndani mtu akacheka. Huyo alikuwa mwali wa kweli, mjukuu wa bibi, msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Sanamu ilikuwa yake. Siku ya kutolewa, wanawake wakubwa humwekea mwali kisanamu hicho mbele na kumwuliza maana yake. Akijibu vizuri, anatoka. Kisha sanamu hurudishwa mtoni, palepale udongo ulipochimbwa. Kwa hiyo hapakuwa na ya kuazima kwa mtu. Kila mwali alifinyangiwa yake, na aliyejua kuifinyanga alikuwa amebaki bibi peke yake, naye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukunjika visikunjuke. Hiyo moja ilikuwa imemchukua karibu msimu mzima, kidogo leo, kidogo kesho.

Msichana mwenyewe alikuwa amekaa ndani muda mrefu kuliko kawaida. Siku yake ya kwanza ya kutolewa ilikuwa imepita bure kwa sababu ya msiba. Sasa ilikuwa imepangwa nyingine. Mtama wa pombe ulikuwa umeshachipuzwa, na shangazi zake walikuwa wanafunga safari ya miguu kutoka Kisaki. Siku hii nayo ikipotea, mvua zingeanza, kila mtu angeinamia shamba lake, na hakuna ambaye angekusanyika tena hadi baada ya mavuno. Maana yake msimu mwingine mzima gizani, kwa mtoto ambaye tayari alikuwa anahesabu sauti za kuku nje na kuwajua mmoja mmoja.

Mimi sikuwaza hayo. Niliwaza kichwa cha nyoka. Nikaanza kuuzima moto wetu makusudi.

"Tena?" mama aliuliza. "Jana umezimika, juzi umezimika. Huo moto unakufa kwa ugonjwa gani?"

Nikaenda kuomba kaa asubuhi, nikaenda mchana. Nilibahatisha majibu. Anamwambia asikimbie? Anamwomba chakula, ndiyo maana ya bakuli? Anamsengenya mama mkwe? Nyuma ya ukuta kicheko kilizidi, na bibi akisema, "Endelea, darasa la kumi. Umefika darasa la pili."

Siku ya kuamkia kuchoma vyungu na sanamu, bibi alikwenda kutafuta magome makavu, akaniachia nyumba nizuie mbuzi wasiingie. Mbuzi niliwazuia. Mkono wangu haukupata mtu wa kuuzuia. Nilikishusha kisanamu nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mwanamke uso kwa uso. Nikamwonea huruma. Mdomo wake ulikuwa tundu. Tundu la mviringo, la kuingia punje ya njegere, na lilikwenda ndani hadi sikuona mwisho, kama mtu anayepiga miayo kanisani.

Nikasema moyoni, masikini bibi, macho yamemwishia. Kazi nzuri hivi, mdomo umemshinda.

Nilikuwa nimeona sanamu nyingi kwa masista, na zote zilikuwa na adabu, zimefunga midomo. Nikalowesha kidole, nikachukua udongo laini kidogo kutoka kwenye kigae cha bibi, nikaziba lile tundu. Nikalainisha. Kwa kijiti nikachora midomo miwili mizuri, iliyofungwa, yenye tabasamu dogo kama la sista mkuu siku ya mkaguzi. Nikakirudisha kichanjani, na niseme kweli, nilijisikia mtu mwema.

Tulichoma asubuhi kabla upepo haujaamka. Nasema tulichoma, mimi nilikuwa nimechuchumaa. Bibi alitandika vigae shimoni nyuma ya nyumba, akapanga vyungu vitatu, akakiweka kisanamu katikati bila kukitazama sana, maana macho yake yalikuwa yanaangalia upepo utaupeleka wapi moshi. Juu akafunika magome na majani makavu ya mianzi. Moto ukashika vizuri. Bibi alikuwa anamaliza kunieleza jinsi babu zangu walivyomkimbia sungura wakidhani ni chui, ndipo tuliposikia: pa!

Mlio mmoja tu, kama kofi.

Hadithi ya babu zangu ikaishia hapo. Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, sauti ikauliza:

"Bibi, nini kimepasuka?"

Bibi alichukua kijiti kirefu akachokoa majivu. Vyungu vitatu vilikuwa salama.

"Bibi?" sauti iliuliza tena, na safari hii ilikuwa ndogo.

Nyoka alitoka mzima, mizunguko yake mitatu haina mtu ndani. Mwanamke alikuwa vipande. Bibi aliokota kimoja kwa kijiti, akakipuliza majivu, akakiweka kiganjani kikiwa bado cha moto. Kilikuwa kipande cha uso, na tabasamu langu lilikuwa halina hata ufa.

"Nani amemziba mdomo huyu?"

Nikasema ni mimi.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea yote, ya ukoo wangu, ya shule, ya miguu yangu, nikarudi nyumbani nimepona. Hakutukana. Alikaa chini na kile kipande mkononi, na ndani yule mtoto alianza kulia bila sauti, ile ya pua tu. Nilipomweleza mama, swali lake la kwanza lilikuwa: "Amekutania?" Nikasema hakunitania hata neno. Mama akavua kanga ya kazi, akavaa ya safari, akaenda kwa bibi kuomba radhi. Mimi nikabaki na njegere, na hata njegere zilinikataa.

Mchana alitumwa mtu wa kuniita. Bibi alikuwa ameketi mlangoni na bonge la udongo mbichi.

"Njoo na mikono yako yote miwili," alisema. "Akili iache kwenu, ndiyo iliyotuletea balaa."

"Bibi, mimi sijui kufinyanga."

"Nani alisema unajua? Mimi najua, vidole havitaki. Wewe una vidole, hujui. Tukichanganywa sisi wawili tunapata mfinyanzi mmoja, mbaya." Kisha akaongeza, "Lakini mkono ambao haukukaa ndani haumgusi nyoka huyu. Zimebaki siku sita. Ingia."

Nikaingia. Nikiwa na miaka ishirini na miwili, na cheti, nikawa mwali.

Mlango uliposhushwa nyuma yangu sikuona kitu, nikasikia tu mtu anajisogeza kunipa nafasi kwenye mkeka.

"Dada, una miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Loo. Wewe wakikutoa watakupeleka moja kwa moja kaburini." Akasogea karibu. "Kwa nini ulimziba?"

"Nilidhani bibi amekosea."

"Na wewe ndiye uliyesoma?"

"Ndiyo."

"Mimi shule nisipelekwe," alisema.

Siku ya kwanza, nikiri, ilikuwa tamu. Chakula kililetwa, hakuna aliyeuliza barua. Siku ya pili nilianza kujua ni kuku yupi anatembea nje. Siku ya tatu niliomba nitumwe Mlali. Nilisema naweza kubeba chungu kichwani, hata viwili. Yule mtoto alicheka hadi akajifunika mkeka mdomoni. Nilikuwa nimejisifu maisha yangu yote kwamba napenda kukaa ndani, na kumbe nilichopenda ni kukaa ndani huku mlango uko wazi. Mwenzangu alikuwa amekaa hivyo tangu mahindi ya mwaka wa nyuma. Ndipo nilipoanza kuogopa kwa niaba yake, na woga huo ulinifundisha kazi haraka kuliko filimbi yoyote.

Bibi alikaa nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu, akinibana kidole hiki na kukiachia kile. Ukuta wa tumbo la sanamu uwe mwembamba kama sikio, ndipo ukauke upesi. Ndani kuwe na uwazi. Nyimbo alizoziimba siziandiki, na wanaume waliofika hapa wakitafuta kuzijua warudi tu walikotoka. Jambo moja aliniruhusu kulisema, kwa sababu, alivyosema, huenda likawazuia wenye vyeti wasiharibu vingine.

Tulipofika usoni alinipa kijiti.

"Toboa."

Nikatoboa mdomo.

"Zaidi. Mpaka tumboni." Nikasukuma hadi kijiti kikaingia kwenye uwazi. "Hapo. Udongo una pumzi ndani yake. Ukiupa moto, pumzi inataka kutoka, nayo mlango wake ni huu. Ulimziba mdomo na ukampeleka motoni, ulitaka afanyeje?"

"Na nyoka, bibi? Nyoka anamwambia nini?"

Nilihisi mikono yake inatikisika juu ya yangu. Alikuwa anacheka. Sikuamini nilivyofurahi kusikia.

"Siku zote hizi unanizimia moto kwa swali hilo. Nyoka ana mdomo? Tazama."

Nikatazama yule nyoka aliyebaki, aliyewekwa mbele yetu tumwige. Magamba alikuwa nayo, macho alikuwa nayo. Mdomo hakuchorewa.

"Hasemi kitu," bibi alisema. "Amelaza kichwa pale asikie. Mwenye kusema ni mwanamke. Amechukuliwa, amefungwa mizunguko mitatu, na bado anasema: huku kumekauka, kule watoto wana njaa, lete mvua. Naye anasikiliza, na ndiyo maana mvua inakuja. Sasa weka bakuli, usinilowanishe kwa machozi, udongo utachelewa kukauka."

Kisanamu kilikauka kwa shida. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima, na hewa ilikuwa na unyevu. Tulikitundika ndani ya kikapu juu ya meko, na yule mtoto akakaa chini yake kutwa, akikigeuza kidogo kidogo, upande wa mgongo, upande wa tumbo, kama mama anayemwanika mtoto mchanga. Sikuwahi kumwona mtu akitazama udongo kwa macho yale.

Asubuhi ya kuchoma bibi alikizungusha kwanza pembeni ya makaa ili kizoee. Mimi kama mwali nilikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta, na mwenzangu amenishika kifundo cha mkono. Tulisikia majani ya mianzi yakishika. Tulisikia magome yakipasuka, na kila gome lilitutoa roho. Hatukupumua sawasawa hadi bibi alipogonga ukuta kwa kijiti chake.

"Ninyi wawili, bado mko hai?"

"Yeye je?" mtoto aliuliza.

"Mbaya kama aliyemfinyanga. Lakini mzima."

Shangazi wa Kisaki walikuwa wamefika na vumbi lao. Siku yenyewe mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde, alikitazama kisanamu changu kwa muda. Upande mmoja kilikuwa cheusi kwa moshi. Mkia ulikuwa na ufa. Mwanamke wangu alikuwa na mabega yasiyolingana, na nyoka, licha ya yote, alitoka mnene katikati.

"Huyu ni nyoka au ni muhogo?"

Neno lake moja lingetosha kuirudisha siku nyuma. Nilimwona bibi amekaza vidole vyake vilivyokunjika juu ya goti.

"Ni nyoka," bibi alisema. "Ila mwaka huu alipitia Kisaki, akala vyakula vyenu."

Wanawake wakacheka, shangazi naye akacheka, ila kisanamu hakukipokea wala hakukikataa. Alikiweka mbele ya mwali.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza, kidole juu ya mwanamke.

Mtoto hakuwa ametazama juu tangu asubuhi. "Anasema," alijibu.

"Na huyu?"

"Anasikiliza."

"Wewe umejuaje kwamba anasema, na sauti huisikii?"

Hilo swali bibi hakutufundisha. Baadaye aliniambia hajawahi kulisikia likiulizwa. Mtoto akanyoosha kidole chake hadi kwenye tundu la mdomo wa udongo.

"Kwa sababu wa kwanza walimziba," alisema, "akapasuka."

Shangazi alimtazama bibi, bibi akanitazama mimi, mimi nikatazama paa. Kisha vigelegele vikapigwa, na mlango ukafunguliwa kabla jua halijafika utosini. Mtoto alitoka amefunikwa kanga kichwani, amekunja uso kwa mwanga, akapepesuka kwa hatua mbili za kwanza kama ndama. Nami nikatoka nyuma yake kimyakimya, nikidhani hakuna aliyeniona, hadi mteremko mzima ulipoanza kunipigia vigelegele vya kwangu. Kwa miaka mingi baadaye, hata Mlali sokoni, watu waliniuliza kama nimepata mchumba tangu nitolewe.

Ngoma ilipokwisha tulikwenda mtoni watatu, bibi, mjukuu wake na mimi, mahali udongo ulipochimbwa. Nilikuwa nimekizoea kisanamu changu kibaya, na nilimwomba bibi nikitunze. Alinyoosha tu kidole kuonyesha maji.

Nikapiga magoti nikakiachia. Kilizama polepole, kimeketi vilevile, miguu mbele na nyoka begani, na kilipokuwa kinashuka mapovu yakaanza kutoka mdomoni mwa yule mwanamke, madogo madogo, yamefuatana, yakaja hadi juu ya maji.

"Bibi, tazama!" mtoto alisema, ameinama hadi nikamshika kanga asitumbukie. "Anasema nini?"

Bibi akatega sikio kwa muda mrefu, kwa heshima zote.

"Anasema huyu dada yako arudi nyumbani. Moto wa kwao umezimika."